Bodi za krop za mbio: tunazihitaji, ila hizi za nusunusu hapana

Nina miezi kumi na minne na bodi ya kamera ya krop, yaani yenye sensa (kibamba kinachodaka picha) ndogo kuliko ya fulu fremu, tena ya mirolesi (isiyo na kile kioo cha ndani), ile inayotangazwa kwamba ni ya mbio, ya ndege na michezo, na jina lake silitaji kwasababu humu ndani nitailalamikia sana na sitaki ugomvi na mashabiki wa kampuni. Nimeenda nayo kwenye mechi, kwenye mabwawa, imenyeshewa mara mbili, imeanguka mara moja (kosa langu, mkanda sikuufunga sawasawa) na bado inawaka. Kwahiyo hii sio rivyu ya mtu aliyefungua boksi jana jioni. Na kuna ubishi hauishi, kwamba eti kampuni za kamera zina haja gani ya kuhangaika na krop kali wakati fulu fremu (zenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35) zipo tele, si krop ibaki ya wanaojifunza tu basi. Mi nasema haja ipo, tena kubwa, ila wakiamua kutengeneza watengeneze kweli, maana hii nusunusu wanayotupa inaudhi kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Kuna mdiria mmoja nilimfuatilia karibu wiki tatu. Anakaa kwenye tawi lilelile, anatazama maji, anatulia mpaka unasahau kwamba unamsubiri, alafu ghafla kashazama na kashatoka na samaki mdomoni. Kuanzia anapoliacha tawi mpaka anaporudi hazifiki sekunde tatu. Siku ya kwanza nikaweka shata ya elektroniki, ile inayomimina picha kimyakimya, nikajiambia leo ndo leo. Kufika nyumbani nafungua kompyuta, ndege yumo, fokasi imeshika jicho safi kabisa, lakini mabawa jamani! Bawa moja limepinda kama mundu, lingine limefupika, na mti wa nyuma uliosimama wima umelala upande kwasababu nilikuwa nazungusha kamera nikimfuata. Picha kibao na sikupata hata moja ya kumwonyesha mtu.

Siku ya pili nikarudi na shata ya mekanika. Mabawa yakanyooka, sawa, ila nikabonyeza mapema kidogo, yeye bado anajitingisha tu tawini kama anayenitega, na bafa (kumbukumbu ya muda inayoshika picha kabla hazijaandikwa kwenye kadi) ikajaa palepale anapochomoka majini. Kataa kekundu ka kadi kanawaka, kamera inakohoa, picha moja, kimya, picha moja, kimya, na mdiria kashamaliza kumpiga samaki wake kwenye tawi na kashammeza. Sekunde tatu hivi za RAW (faili ghafi) ndo uwezo wake, basi. Nilicheka peke yangu pale kama mwehu.

Na wala usihangaike kukisia ni kamera gani, ugonjwa huu wameumwa wengi. Sensa ya kawaida inasomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kushuka chini, na kama safari hiyo inachukua kitu kama 1/30 ya sekunde basi mstari wa chini unasomwa wakati bawa limeshahama. Mpira unakuwa yai, fimbo ya gofu inakuwa upinde. Shata ya mekanika yenyewe mapazia yake yanavuka kama kwa 1/250 hivi ndo maana haina shida hiyo. Dawa ya elektroniki inajulikana miaka mingi, ni sensa ya matabaka, yaani nyuma ya pikseli wanabandika saketi na kumbukumbu yake ili data iondoke haraka. Sony waliiweka kwenye fulu fremu tangu a9 ya 2017, na Nikon Z9 ya 2021 ikaiamini kiasi cha kutupa shata ya mekanika kabisa, haina hata pazia moja la kuvuka. Kwahiyo tunachoomba krop sio muujiza, ni kitu kipo dukani, kimewekwa kwenye nyumba nyingine tu.

Sasa mwenzangu mmoja ambaye ana fulu fremu ya pikseli milioni 45 huwa ananiambia, "Kaka, si ununue kama yangu tu uikate mwenyewe, krop si kukata tu?" Na huwa nakubali nusu. Kukata ni kweli unaweza, Nikon Z8 ukiiweka kwenye modi ya DX (krop ya Nikon) unabaki na pikseli milioni 19 na kitu, picha nzuri tu ya kuchapisha. Lakini hebu tupige hesabu ya ndege, sio ya matangazo. Chukua kandege ka sentimita 10, kako mita 20, lenzi yako ni 400mm. Kivuli chake kwenye sensa ni kama milimita 2, na hizo milimita 2 ni zilezile sensa iwe kubwa iwe ndogo, lenzi haijui nyuma yake kuna nini. Ukiwa na fulu fremu ya milioni 24 kale kandege kanapata pikseli kama 330 kutoka mdomo hadi mkia. Kwenye ya milioni 45 kanapata kama 460. Kwenye krop ya milioni 26 kanapata 530, na kwenye krop ya milioni 32.5 kama ile ya Canon R7 kanafika 620 na ushee. Ukitaka fulu fremu yenye msongamano huo wa R7 ingebidi iwe na pikseli milioni 83, na hiyo ikiwepo faili zake utazihifadhi kwenye jumba gani.

Kuna fulu fremu ya milioni 61, Sony a7R V, ambayo pikseli zake zina ukubwa sawa na za krop ya milioni 26, hiyo naikubali, ila inapiga picha 10 kwa sekunde na sensa yake sio ya matabaka, sio kamera ya kumkimbiza mbayuwayu. Ndo pale ninaposema watu wanalinganisha ukubwa wa sensa wakati swali ni una pikseli ngapi juu ya ndege na unazitoa kwa haraka gani.

Alafu hoja ya mwanga, hii inarudiwa kama wimbo. "Fulu fremu inakusanya mwanga zaidi ya mara mbili." Ndio inakusanya, eneo lake ni kama mara 2.3 ya krop ya 1.5 (namba hiyo ni mara ngapi upande wa fulu fremu unazidi wa krop), na mara 2.6 ya krop ya 1.6 ya Canon, yaani stopu moja na kitu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Lakini mwanga huo wa ziada umeangukia wapi? Umeangukia pembeni, kwenye majani na maji na anga, kule unakokwenda kukata na kutupa. Mwanga ulioangukia juu ya ndege mwenyewe, kwa lenzi ileile, apacha (uwazi wa lenzi) ileile, umbali uleule, ni sawa. Ukikata fulu fremu mpaka ndege alingane, nafuu yote ya kelele za ISO (chengachenga zinazotokea ukipandisha usikivu wa sensa) umeikata pamoja na majani. Hii nilichelewa sana kuielewa mi mwenyewe, niliamini za kuambiwa, na wahenga wa mjini walishasema akili za mbayuwayu, changanya na za kwako.

Ukiweza kumsogelea ndege au mchezaji mpaka ajaze fremu, hapo fulu fremu inashinda na sibishani. Mechi ya ndani ya ukumbi, taa mbovu, upo pembeni ya uwanja na lenzi yako ya 70-200, usije na krop kwa kujidai. Nimefanya, ISO 6400 ikawa ndo nyumbani, na nyuso za wachezaji zilitoka na chengachenga kama zimemwagiwa mchanga, programu ya kusafisha kelele ikafanya kazi kuliko mimi. Lakini wanaopiga ndege hawasogei, ndege hataki. Na wazazi wanaopiga mtoto wao akicheza mpira upande wa pili wa uwanja nao hawaruhusiwi kuingia kati. Watu wa aina hii ni wengi mno kuitwa "soko dogo".

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wakati fulani krop ndo ilikuwa kubwa lao. Kamera zote za juu kabisa za Nikon kuanzia D1 ya 1999 mpaka ilipokuja D3 mwaka 2007 zilikuwa krop, na watu walipiga nazo vita, siasa na michezo. Canon nao mfululizo wa 1D wa michezo ulikaa kwenye APS-H, krop ya 1.3, mpaka 1D Mark IV ya 2009. Hakuna aliyewaambia wale wapiga picha kwamba kamera zao ni za kujifunzia. Alafu zikaja zile ambazo watu wa ndege mpaka leo wakizitaja wanashusha sauti kidogo. Canon 7D Mark II ya 2014, pointi 65 za fokasi zote za msalaba (zinazosoma mistari ya wima na ya mlalo), picha 10 kwa sekunde. Na Nikon D500, Januari 2016.

D500 nataka nikae nayo kidogo maana ndo kipimo changu. Ilitangazwa siku moja na D5, na Nikon hawakuipa fokasi ya kimasikini, waliipa mfumo uleule wa D5, pointi 153. Picha 10 kwa sekunde, na bafa ya RAW 200. Mia mbili! Yaani unakandamiza kidole sekunde 20 nzima kamera haikohoi, mwaka 2016, na kioo kinapanda na kushuka ndani kwa ndani. Mdiria wangu angezama na kurudi mara sita. Waliweka na slot ya XQD (kadi ya kasi kuliko SD) kwasababu walijua SD haitabeba mzigo. Hicho ndo ninachokiita kutengeneza kweli, unachukua akili ya kamera kubwa unaiweka kwenye sensa ndogo bila kuipunja. Na baada ya hapo Nikon kwenye mirolesi? Z50 mwaka 2019, Zfc 2021, Z50II 2024. Z50II ni kakamera kazuri, prosesa yake ni EXPEED 7 ya familia ya Z8 na Z9, nakapenda kweli, lakini sensa haijatulizwa ndani ya bodi kuzuia mtikisiko wa mikono, slot ya kadi ni moja ya SD, na pikseli ni zilezile milioni 20.9. Hako sio mrithi wa D500.

Sony a6700 ya 2023 nayo ni hivohivo, fokasi yake inatambua ndege na wadudu mpaka inachekesha, betri kubwa ya NP-FZ100, alafu unakuta slot moja, picha 11 kwa sekunde, na kitundu cha kuchungulia cha nukta milioni 2.36 kiko pembeni kama dirisha la choo. R7 ya 2022 ilikuja karibu zaidi, picha 15 kwa mekanika, slot mbili, sensa iliyotulizwa, gramu 612 tu na betri yake, lakini slot zote ni SD na sensa sio ya matabaka. Fanya hesabu mwenyewe, tuseme faili moja la RAW ni MB 35, ukipiga 15 kwa sekunde ni MB 525 kila sekunde, na SD ya UHS-II dari lake ni MB 312 hata ununue kadi ya dhahabu. Bafa lazima ijae, ni bomba jembamba na maji mengi. Kadi ya CFexpress Type B, hata ile ya kizazi cha 2.0, dari lake ni kama MB 2000. Slot moja tu ya hivyo ingemaliza mjadala.

Aliyejaribu kweli kwenye mirolesi ya krop ni Fujifilm na X-H2S, 2022. Sensa ya matabaka ya milioni 26, wenyewe wanasema inasomwa mara 4 ya ile iliyotangulia, picha 40 kwa sekunde kwa elektroniki, slot ya CFexpress Type B na pembeni SD, kitundu cha kuchungulia nukta milioni 5.76. Niliazima ya mtu kwa siku nane na kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudi kwa mdiria, eh, nyie. Mabawa yamenyooka. Mti umesimama. Nilipiga nikapiga nikapiga na kataa ka kadi kakazima kabla sijashusha kamera usoni. Na ule mtindo wa kukumbuka picha za kabla hujabonyeza ndo ulinimaliza, unashika kitufe nusu unasubiri, ndege akiruka ndo unabonyeza mwisho na kamera inakurudishia zile alizoanza nazo kuruka wakati wewe bado ubongo unapiga miayo. Nina picha yake moja miguu inaachia tawi, kucha moja bado imegusa gome. Ile picha kwa bodi yangu ingekuwa bahati nasibu.

Fokasi ya kufuata viumbe ya Fuji wengi bado wanaiweka nyuma ya Canon na Sony, na mi nipo upande huo, kuna wakati inapenda majani kuliko ndege. Na lenzi ndefu za Fuji ni chache ukilinganisha na wenzake, ingawa ile 150-600 ni nyepesi kwa urefu wake, gramu 1605, sema apacha inaanza f/5.6 inaishia f/8, kwahiyo jua likizama na wewe unazama. Lakini imethibitisha kitu kimoja, kwamba krop ya matabaka inawezekana na inauzika. OM System nao wamethibitisha kwa sensa ndogo zaidi, OM-1 ya 2022, Micro Four Thirds, matabaka, picha 50 kwa sekunde fokasi ikifuata. Yaani mwenye sensa ndogo kuliko wote hakuogopa, hao wakubwa wanaogopa nini?

Mi naona wanaogopa watoto wao wenyewe. Ukitengeneza krop yenye fokasi ya kubwa lao, bafa ya kubwa lao na sensa ya haraka, nani wa ndege atapanda ngazi kwenda fulu fremu? Wachache. Kwahiyo wanaikata mguu mmoja makusudi, hapa wananyima kadi, pale wananyima sensa, kule wananyima kitundu kizuri, ili uendelee kutamani ya juu. Sina barua yao mezani, ni kuangalia tu kinachokosekana, na kila mara kinachokosekana ni kitu kimojawapo ambacho tayari wanacho kwenye kabati. Sababu ya haki pia ipo, sensa ya matabaka ni ghali kutengeneza na anayenunua krop mara nyingi anataka bei ya chini, hilo nalielewa, ukiweka kila kitu bei inapanda mpaka inasogelea fulu fremu ya kawaida na mtu dukani atachagua jina "fulu fremu" hata kama hajui atalifanyia nini. Ila wapo tunaojua tutalifanyia nini, na tuko tayari kulipia.

Tena sio bodi peke yake. R7 ilipozinduliwa lenzi za RF-S (za krop za Canon) zilizotoka nayo zilikuwa 18-45 na 18-150, zote zinaishia f/6.3. Kwa ndege sio kesi maana utavaa lenzi za fulu fremu, ile RF 100-400 ya gramu 635 ukiiweka kwenye bodi hiyo mzigo mzima ni kilo 1 na robo, wakati Z8 na 180-600 yake ni karibu kilo 2.9 bila hata kile kiguu cha kusimamishia. Shingo yangu inajua tofauti, na mgongo ndo usiseme. Lakini mtu mwenye bodi ya mbio anataka pia zumu fupi ya f/2.8 kwa harusi ya ndugu, na kwa Canon ilibidi kusubiri mpaka 2024 walipowafungulia mlango Sigma na Tamron kutengeneza lenzi za krop za RF. Sony na Fuji hapo wamewaacha mbali, wanazo 16-55 f/2.8 zao siku nyingi.

Ninachokitaka mimi wala sio kingi. Pikseli milioni 24 au 26 zinatosha, msiniongezee. Sensa ya matabaka. CFexpress moja na SD moja. Fokasi ileile ya bodi kubwa, sio binamu yake. Kitundu cha kuchungulia kisichonifanya nikunje uso. Vitufe vya kugusika na glavu. Vidio wekeni mnavyotaka, sitavigusa, samahani wenye vidio.

Bodi yangu naipa 6 kwa 10, na siiuzi, maana nimeshaizoea kama mtu anavyozoea mlango wa kwao unaokwama, shata ya mekanika muda wote, picha 8 kwa sekunde badala ya zote ili bafa ipumue, na kidole nakizuia mpaka mdiria ainamishe kichwa mara ya pili, kwasababu nimegundua akiinamisha mara ya pili ndo anaenda. Anayeanza leo na pesa zake mkononi na anataka ndege tu, aishike X-H2S kwanza kabla hajashawishiwa na chochote, na aijaribu kwenye vichaka sio kwenye anga tupu, aone fokasi inavyopenda majani kama ataivumilia. Na kama una D500 nzima, shata yake haijachoka, usiiuze kwasababu watu wamekwambia za vioo zimekufa. Betri tu kaitafutie ya akiba mapema, na kisomaji cha kadi za XQD, maana vile vinaanza kuadimika.